Mnakionea Kipindi cha Nne

Kuna mtindo umeingia katika mijadala yetu ya hadithi za kisasa, nami nataka kuupinga kabla haujawa mazoea. Mtu anachukua msimu mzima wa gemu ya hadithi, anauchana vipande, kisha anavigawia alama kama mwalimu anayesahihisha imla: kipindi cha kwanza saba, cha pili tisa, cha tatu tisa na nusu, cha nne sita, cha tano kumi. Baada ya hapo watu wanagombania nusu alama kwa saa nzima, muda wa kipindi unakwisha, na hakuna aliyesema neno la maana kuhusu hadithi yenyewe.

Dai langu ni hili. Katika msimu unaosimulia hadithi moja, kipindi hakina ubora wa peke yake. Kuna kilichopokea kutoka nyuma na kuna kinachokabidhi mbele. Anayekipima kama anayekagua yai, akilitikisa na kulitazama kwenye mwanga, ataishia kuwasifu wakopaji na kuwatukana walipaji. Tena anayeonewa huwa ni yuleyule kila mara, aliyebebeshwa mizigo ya wenzake.

Kwa walimu wetu ambao hawajawahi kucheza gemu za aina hii, nieleze kidogo. Mchezaji hafyatui risasi sana wala hashindani kwa magari. Anatembea, anachunguza vitu, anaongea na watu, na kila baada ya muda anatakiwa achague: amwokoe huyu au yule, aseme kweli au uongo, huku sekunde zikiyoyoma. Hadithi hukatwa vipindi, mara nyingi vitano, kila kimoja cha saa mbili au tatu hivi, navyo hutolewa kwa kupishana kwa wiki kadhaa au miezi. Vyote pamoja ni msimu, kama tamthilia za runinga.

Studio iliyoufanya mtindo huu ujulikane ni Telltale Games ya California, Marekani, na kazi iliyoipa jina kubwa ni The Walking Dead ya mwaka 2012, iliyotokana na hadithi za katuni zilizoandikwa na Robert Kirkman. Kipindi cha kwanza kilitoka Aprili, cha tano kikatoka Novemba. Mhusika mkuu ni Lee Everett, mwalimu wa historia wa chuo kikuu aliyetiwa hatiani kwa kuua, ambaye tunakutana naye akiwa amekaa kiti cha nyuma cha gari la polisi jimboni Georgia. Wafu wanaanza kutembea, gari linapinduka, na Lee anamkuta mtoto wa miaka minane, Clementine, aliyejificha katika kibanda cha juu ya mti akiwa na redio ya mkononi. Msimu mzima ni habari ya watu hawa wawili.

Sasa tazameni jinsi wenzangu wanavyoipanga. Cha pili wanakiweka juu kwa sababu ya shamba la ng'ombe la familia ya St. John, wenyeji wakarimu ambao, mnapoketi mezani, mnagundua nyama yao ni ya nani. Sikatai, kinatisha. Ndani ya chumba cha nyama cha familia hiyo, mzee Larry anaanguka kwa moyo, na Kenny anamponda kichwa kwa bonge la chumvi ya ng'ombe huku binti yake akilia kwamba baba yake bado anaweza kuamka. Cha tatu wanakiweka juu zaidi: risasi ya Lilly kando ya barabara, kisha Duck, mtoto wa Kenny, aliyeumwa na wafu, na swali la nani atamalizia. Cha tano kinapewa kumi kwa sababu watu walilia. Cha nne, kile cha mji wa Savannah, kinatupwa chini. Kinachosha, wanasema. Kimejaa wageni. Kuna msichana Molly anayedondoka kutoka juu ya paa na shoka lake dogo la kupandia barafu kama aliyepotea njia akitoka gemu nyingine. Kuna kuchimbua kaburi la mbwa ili upate kola yake, ufungue kijilango, Clementine aingie nyumbani na kuwafungulia wakubwa. Kuna shule ya Crawford ya kuzungukazunguka mkitafuta betri, mafuta na dawa.

Kuhusu Molly sina utetezi, na kutafuta betri kunachosha kweli. Lakini hebu tuhesabu kipindi hiki kimebebeshwa nini.

Wakati cha tatu kinakwisha, hadithi imeua nusu ya watu wake. Haina pa kukaa, ina kijana Ben mwenye siri, na ina sauti ya mwanamume asiyejulikana kwenye redio ya Clementine. Kipindi cha tatu kilisifiwa kwa kuzalisha haya yote. Nani aliyaachiwa? Cha nne. Ni cha nne kinachompa Ben nafasi ya kukiri mbele ya Kenny kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwapa majambazi vifaa, na kwamba vifo vya kipindi cha tatu vina mkono wake. Ni cha nne kinachomning'iniza Ben huyohuyo kwenye mnara wa kengele, mkono wake ukiwa mkononi mwako, mwenyewe akikuomba umwachie. Bila kipindi cha tatu, Ben ni mvulana anayening'inia tu. Bila cha nne, kosa la Ben ni taarifa iliyopita. Mnampa mmoja tisa na nusu na mwingine sita kwa tukio lile lile lililochukua vipindi viwili kutimia!

Halafu kuna Crawford yenyewe. Ni mtaa uliojizungushia ukuta na kufukuza watoto, wazee na wagonjwa, kila aliyeonekana mzigo. Waliobahatika wamejificha chini ya hospitali, wengi wao wakiwa watu walionusurika saratani. Wenzangu wanaiona Crawford kama mahali pa kutafutia betri. Mimi naiona kama swali ambalo msimu ulikuwa ukilizunguka tangu kile kibanda cha juu ya mti: mtoto ni wa nini katika dunia hii? Crawford wamelijibu kwa ukuta. Lee analijibu kwa kuamua kama Clementine aende naye huko ndani au abaki nyumbani. Na kuna yule mvulana wa darini, aliyekufa kwa njaa akageuka mfu, ambaye inabidi amalizwe na kuzikwa uani. Kenny akimtazama anamwona Duck wake. Tukio lile halina hata sekunde moja ya kushtua. Ni maziko tu, jembe na udongo, na ndiyo sababu halikupata alama.

Lakini ushahidi wangu mkubwa uko katika dakika za mwisho za kipindi hicho. Clementine ametoweka. Lee, akiwa amebabaika, anaumwa. Anawageukia wenzake, na mchezaji anachagua kuonyesha jeraha au kulificha, kisha anawaomba wamfuate. Hapo ndipo gemu inapofungua daftari. Anayekufuata na anayekukatalia hutegemea jinsi ulivyoishi na kila mmoja tangu mwanzo: ulimwunga mkono Kenny kule kwenye chumba cha nyama au ulimpinga, ulimwambia ukweli au ulimzunguka. Wachezaji wawili wanaweza kukimaliza kipindi hiki, mmoja akiwa na watu wanne nyuma yake na mwingine akiwa peke yake. Hakuna mahali pengine katika msimu ambapo matendo yako yote yanasomwa kwa mpigo namna ile, tena na watu unaowajua kwa majina. Hiki ndicho kipindi tunachoambiwa hakina kitu.

Njooni sasa kwenye kipindi cha tano kilichopewa kumi. Ni kifupi kuliko vingine. Ndani yake yule mtu wa redio anajitokeza, na kumbe ndiye mwenye gari lililokutwa limejaa chakula mwishoni mwa kipindi cha pili, lile ambalo wenzako walilipora, Clementine akiona si haki. Anakuuliza habari za gari, za maamuzi yako, za mtoto uliyemweka hatarini. Kisha mwisho wenyewe: Lee hana nguvu tena, na Clementine lazima ampige risasi au amwache. Mkono wake unajua kushika bastola kwa sababu Lee alimfundisha ndani ya treni katika kipindi cha tatu. Nywele zake ni fupi kwa sababu Lee alizikata palepale, baada ya mzee Chuck kumwambia bila kumung'unya kwamba mtoto huyu hataishi akiendelea kulelewa hivi. Jeraha linalomuua Lee ni la kipindi cha nne. Wenzangu, kipindi cha tano ni mlipaji mwaminifu, namheshimu kwa hilo, lakini fedha alizolipia zilitoka mifukoni mwa wengine. Mnawezaje kumpa kumi na kumwacha na sita yule aliyemkopesha?

Nitajibiwa kwamba nimechagua mfano unaonifaa. Basi tuchukue unaoonekana kunipinga. Life is Strange ilitengenezwa na Dontnod, studio ya Paris, ikatoka kwa vipindi vitano kati ya Januari na Oktoba 2015. Max Caulfield, mwanafunzi wa upigaji picha katika mji mdogo wa Arcadia Bay huko Oregon, anagundua kwamba anaweza kurudisha muda nyuma. Hapa kipindi kinachotukanwa ni cha tano. Mnaambiwa mchague kati ya rafiki yako Chloe na mji mzima, basi. Yote uliyofanya kwa miezi tisa yanafagiliwa. Cha nne kinasifiwa kwa pumzi moja na tusi hilo, kwa sababu mwishoni kinamwonyesha mwovu ambaye wengi hawakumdhania.

Kwamba mwisho ule umekosa, nakubali. Nani kakosa ndilo swali. Kwa vipindi vinne gemu ilikuwa ikionyesha kipepeo pembeni mwa skrini kila ulipochagua, ikikuahidi kwamba tendo hili litakuwa na matokeo. Kila kipepeo ni hati ya deni. Kipindi cha tatu kilimaliza kwa kumrudisha Max utotoni na kubadilisha maisha yote ya Chloe, na kikashangiliwa. Cha nne kilimfungulia mwovu mlango dakika za mwisho na kuondoka, na kikashangiliwa. Wa tano kufika alikuta meza imejaa hati na sanduku halina kitu. Dawa ya deni kulipa, ndiyo, lakini hakimu anayemfunga mdhamini na kumpa mkopaji nishani hajui kazi yake. Ukishusha alama za cha tano, uwe na ujasiri wa kurudi nyuma ushushe za cha nne pia, na za cha tatu, hata kama uliruka kwenye kiti ulipokuwa ukivicheza.

Gemu hiyohiyo inatupa kioja kingine. Katika kipindi cha pili unatumwa kutafuta chupa tano katika uwanja wa vyuma chakavu ili Chloe azitungulie risasi. Sijakutana na mtu aliyezifurahia chupa zile. Kipindi kinaishia Kate Marsh akiwa juu ya paa la bweni, mvua inanyesha, na uwezo wa Max wa kurudisha muda umegoma. Mara hii huna pa kurudi. Kumwokoa kunategemea kama ulitazama vizuri chumbani mwake, unawakumbuka watu wanaompenda, kama uliipokea simu yake pale mgahawani au uliiacha ilie. Haya, mpeni kipindi hiki alama. Mtajumlisha chupa na paa mgawanye kwa mbili?

Haki ya upinzani niiseme waziwazi, kwani si misimu yote iko hivyo. Kabla ya The Walking Dead, studio ileile ilitoa msimu wa Sam & Max mwaka 2006 hadi 2007, vipindi sita vya kuchekesha vya mbwa mpelelezi na mwenzake sungura. Kuna uzi mwembamba wa watu kutiwa kiini macho unaopita katikati, lakini kila kipindi kina kesi yake na unaweza kukianza popote ukacheka. Hapo pangeni daraja mtakavyo. Ni kama visa vya Abunuwasi: unaweza kusema kisa hiki kinachekesha kuliko kile, na hakuna kisa kitakacholalamika, kwa sababu hakuna kilichotumwa na kingine. Shida inaanza pale mtu anapolichukua kanta la Abunuwasi na kulipimia riwaya. Sijawahi kuona mtihani wa chuo chetu ukiuliza sura ipi ya riwaya ni bora, tena kwa alama. Tungemcheka mtahini.

Wapo pia wanaosema kila kipindi kiliuzwa kama bidhaa, watu walisubiri, wakalipa, na mnunuzi ana haki ya kusema hiki kimenichosha. Anayo. Lakini uchovu wa mnunuzi wa Oktoba 2012 ni habari ya Oktoba 2012. Mtazameni Kentucky Route Zero, gemu ya Cardboard Computer yenye sehemu tano. Sehemu ya kwanza ilitoka Januari 2013, ya pili Mei mwaka uleule, ya tatu Mei 2014, ya nne Julai 2016, ya tano Januari 2020. Aliyeisubiri ya nne kwa zaidi ya miaka miwili aliipima akiwa na miaka miwili mabegani. Anayeicheza leo anatoka ya tatu na kuingia ya nne baada ya kunywa chai. Nani kati yao ameona ubora wa sehemu hiyo? Wa kwanza, kwa sehemu kubwa, alikuwa akipima subira yake.

Na kwetu sisi tunaosoma hapa Kampala kuna jambo ambalo wapanga daraja hawaligusi kabisa. Kipindi cha kwanza cha Life is Strange kilifanywa cha bure Julai 2016. Wengi mabwenini wameishia hapo, kwa sababu vilivyofuata vinataka dola na kadi ya benki, na kadi hiyo mwanafunzi haipati kirahisi. Wengine waliviona vilivyobaki vikichezwa na mtu mwingine YouTube, yaani bila kuchagua lolote. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kimepimwa na umati uliocheza bure, cha mwisho kimepimwa na wachache waliolipa au waliotazama, kisha namba hizo zinawekwa safu moja kana kwamba zimetoka kwenye mizani moja. Mwanzo wa ngoma ni lele, lakini hawa waliondoka kwenye lele na bado wanataka kutuhadithia ngoma.

Mfano wa mwisho ni mchungu. Septemba 2018, Telltale ilifukuza karibu wafanyakazi wake wote, watu wapatao 250. Msimu wa mwisho wa The Walking Dead, wenye vipindi vinne, ulikuwa umetoa kimoja. Cha pili kilitoka siku chache baada ya waliokitengeneza kuambiwa wakusanye vitu vyao. Watu walikuwa wameshalipia vinne. Kampuni ya Skybound ilichukua kazi, ikawaajiri tena baadhi ya walewale, na cha tatu kikatoka Januari 2019, cha nne Machi. Clementine, yule mtoto wa kibandani, sasa ni msichana mkubwa anayemlea mvulana mdogo, AJ, na kumfundisha alichofundishwa ndani ya treni. Nimesikia mtu akisema kipindi cha tatu cha msimu huu ni dhaifu kuliko cha pili kwa alama moja na nusu. Alama moja na nusu ya nini? Kipindi kile kilipokea hadithi iliyosimamishwa katikati na watu waliokwisha kuachishwa kazi, kikaifikisha mlangoni kwa kipindi cha nne ili nacho kiweze kufunga. Kama hatuna namna ya kuisema kazi hiyo katika uhakiki wetu, basi tatizo liko katika uhakiki.

Mtu ataniuliza kwa nini nakasirikia burudani ya wenzangu. Ni kwa sababu tabia hii imevuka gemu na kuingia katika uandishi wetu. Wengi wetu tunaandika hadithi za mfululizo kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, sehemu baada ya sehemu, kila moja ikiishia na lile neno, ITAENDELEA. Kila sehemu inapata idadi yake ya vidole gumba, na mwandishi anaziangalia kama mgonjwa anavyoangalia kipimajoto. Sehemu yenye kofi, usaliti au bastola inavuna. Sehemu ambayo watu wanazika, wanasamehe au wanalipa walichodaiwa haivuni. Tumejifunza hesabu ileile ya tisa na nusu kwa sita, na tunaandika kwa kuifuata.

Rafiki yangu mmoja ana mhusika aliyefungiwa ndani ya buti la gari tangu sehemu ya 31. Hivi sasa yuko sehemu ya 58. Juzi nilimuuliza lini atamfungulia. Akanijibu, bila kutania, kwamba sehemu za kumfungulia mtu hazina wasomaji.